HELIKOPTA ZA ABIRIA: JINSI ZILIVYOSTAWI NA JINSI ZILIVYOKOMA

Mtu asimamaye Mlolongo wakati wa asubuhi, kando ya barabara kuu iendayo Mombasa, huona mambo mawili kwa mara moja. Chini huona magari: malori yaliyobeba makontena, mabasi, matatu, na motokaa za watu waendao kazini Nairobi, yote yakijongea polepole. Juu huona ndege zikishuka kuelekea uwanja wa Embakasi, ambao tangu mwaka 1978 huitwa Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta. Jina lenyewe la mji huu husemwa kwamba latokana na safu ya malori yaliyokuwa yakingoja zamu yao katika mizani ya Serikali. Kwa hiyo kungoja si jambo geni kwa mtu wa Mlolongo. Limo katika jina la kwao.

Basi si ajabu mtu aliyekaa ndani ya matatu, huku saa yake ya kuingia kazini yazidi kukaribia, akiona helikopta yapita juu ya kichwa chake, ajiulize: Kwa nini watu wasichukuliwe kwa chombo hiki? Hakihitaji barabara wala reli. Hakihitaji njia ndefu ya kurukia kama ndege za kawaida. Toka Mlolongo hata katikati ya mji ni kiasi cha kilomita 20 tu, na helikopta iendayo mwendo wa kilomita 200 kwa saa ingeweza kuzimaliza kwa dakika sita.

Swali hili si la kipumbavu hata kidogo. Liliulizwa zamani na watu wenye elimu na fedha nyingi, tena walilijibu kwa vitendo. Baada ya Vita Kuu ya Pili makampuni yalianzishwa katika miji mikubwa ya Marekani na Ulaya, yakanunua helikopta, yakatoa ratiba na kukata tikiti, yakachukua abiria kama mabasi yanavyowachukua. Kwa muda yalistawi na kusifiwa sana. Kisha yalianguka, moja baada ya moja. Yafaa wasomaji waelewe sababu zake, kwa kuwa siku hizi habari kama hizo zaanza kusikika tena. Kuna makampuni yatengenezayo vyombo vidogo vya umeme vipaavyo wima, na wenye kuvitengeneza husema kwamba vitaondoa taabu ya foleni mijini. Ajuaye yaliyotokea zamani ataweza kupima vizuri maneno ya leo.

HELIKOPTA HURUKA NAMNA GANI

Kwanza tueleze tofauti iliyopo kati ya helikopta na ndege ya kawaida. Ndege ya kawaida ina mabawa yaliyotulia. Injini huisukuma mbele kwa nguvu, na hewa ipitayo juu na chini ya mabawa hayo ndiyo inayoinua. Kwa sababu hiyo ni lazima ndege ikimbie kwanza chini ndipo iweze kupanda. Ikisimama angani, itaanguka.

Helikopta haina mabawa ya namna hiyo. Mabawa yake ni yale mapanga marefu yazungukayo juu ya paa lake. Badala ya chombo kizima kukimbia ili hewa ipite juu ya mabawa, mabawa yenyewe hukimbia kwa kuzunguka, na chombo kinaweza kutulia mahali pamoja. Rubani akitaka kupanda, huyainamisha mapanga yote ili yaikate hewa kwa nguvu zaidi. Akitaka kwenda mbele, hufanya mzunguko wote uelekee mbele kidogo. Tena kwa kuwa mapanga yazungukapo upande mmoja mwili wa helikopta hutaka kuzunguka upande wa pili, huwekwa mapanga madogo mkiani ya kuuzuia. Mapanga hayo ya mkiani yakivunjika, rubani huwa katika hatari kubwa.

Hapa ndipo penye uzuri wa helikopta, na hapa ndipo penye gharama yake. Mapanga hufanya kazi mbili, ya kuinua uzito wote na ya kuuvuta mbele. Kwa hiyo injini hula mafuta mengi kuliko ya ndege ya kawaida ichukuayo abiria wale wale. Tena kila kitu kilicho juu huzunguka na kutikisika bila kupumzika: gia, vyuma vya kushikia mapanga, fani za vyuma na fimbo za kuongozea. Chuma kinachotikiswa mara milioni nyingi huchoka, kama waya ukunjwao na kukunjuliwa mpaka unakatika. Mafundi hulazimika kuvifungua vyombo hivyo na kuvikagua mara kwa mara, na vipuri vingi hutupwa vikifikisha saa zilizowekwa, hata vikionekana kuwa vizima. Yote hayo hulipwa na nauli ya abiria, au na mtu mwingine.

MWANZO WA SAFARI ZA ABIRIA

Igor Sikorsky, mhandisi aliyezaliwa katika Dola ya Urusi ya zamani na kuhamia Marekani, aliirusha helikopta yake ya majaribio tarehe 14 Septemba, 1939, ikiwa imefungwa kwa kamba ili isiruke mbali. Baada ya vita, mwezi wa Machi 1946, helikopta ya Bell 47 ilipewa cheti cha kwanza cha Serikali ya Marekani cha kuruhusu helikopta itumiwe kwa kazi za raia. Tangu hapo watu walianza kufikiri juu ya biashara.

Waingereza walitangulia kuchukua abiria kwa ratiba. Tarehe 1 Juni, 1950, shirika la British European Airways lilianza safari kati ya miji ya Liverpool na Cardiff kwa helikopta ndogo zilizochukua watu wachache tu. Safari hizo hazikudumu, lakini zilionyesha kwamba jambo lawezekana. Mwaka 1953 shirika la ndege la Ubelgiji, Sabena, ambalo wakati ule lilijulikana sana Afrika kwa sababu ya safari zake za Kongo, lilianza kuchukua abiria kwa helikopta toka Brussels kwenda nchi za jirani. Mtu aliweza kupanda katikati ya Brussels na kushuka Rotterdam katika Uholanzi au Lille katika Ufaransa, na mwaka 1957 safari zikafika hata Paris. Hizo ndizo zilizokuwa safari za kwanza za ratiba za helikopta zilizovuka mipaka ya nchi.

Huko Marekani makampuni matatu yalipewa kibali na msaada na Serikali. Moja lilikuwa Los Angeles, jingine Chicago, na la tatu New York. Yalianza kwa kuchukua barua za posta. Los Angeles Airways ilianza kazi hiyo mwaka 1947, na kampuni ya Chicago mwaka 1949. Baadaye yakaanza kuchukua watu. Katika hayo matatu, habari za New York Airways ndizo zifundishazo zaidi.

KAMPUNI YA NEW YORK

New York ni mji uliokatwa na mito na bahari, na viwanja vyake vitatu vikubwa vya ndege vimetawanyika: LaGuardia, Idlewild ambao sasa huitwa John F. Kennedy, na Newark ulio ng'ambo ya mto katika jimbo la New Jersey. Msafiri atuaye katika kiwanja kimoja na kutaka kuondokea kingine hulazimika kuuvuka mji wenye msongamano mkubwa. Kwa motokaa safari hiyo huweza kumpotezea saa nzima na zaidi. Kwa helikopta ni dakika chache tu.

Kampuni ya New York Airways iliundwa mwaka 1949. Ilianza kuchukua barua mwaka 1952, na mwezi wa Julai 1953 ikaanza kuchukua abiria kwa helikopta za Sikorsky S-55, ambazo kila moja iliweza kubeba watu saba hivi. Miaka iliyofuata ilinunua helikopta kubwa zaidi. Mwaka 1958 ilipata Vertol 44 zenye nafasi za watu 15, na tarehe 1 Julai, 1962, ilianza kutumia Vertol 107 zenye injini mbili za namna ya jeti na nafasi za watu 25. Kila mara kampuni ilitumaini kwamba chombo kikubwa zaidi kingepunguza gharama ya kila kiti, na kwamba siku moja nauli peke yake ingetosha.

Kampuni hii inakumbukwa pia kwa jambo jingine la heshima. Katika miaka ile mashirika ya ndege ya ratiba ya Marekani hayakuwa yakiwaajiri watu weusi kuwa marubani, hata wakiwa na vyeti vyote. Bwana Perry Young alikuwa rubani hodari, ambaye wakati wa vita alikuwa mwalimu wa marubani weusi huko Tuskegee. Baada ya vita aliinyimwa kazi nyumbani ikambidi aitafute katika visiwa vya Karibi. Mwezi wa Desemba 1956 New York Airways ilimwajiri, na tarehe 5 Februari, 1957, alirusha abiria kwa mara ya kwanza. Hivyo akawa rubani wa kwanza Mwamerika mweusi katika shirika la ndege za abiria za ratiba nchini humo. Alidumu katika kazi hiyo mpaka kampuni ilipokoma, zaidi ya miaka 22. Wengi waliofuata baadaye katika mashirika makubwa walipitia mlango alioufungua yeye.

Fahari kubwa ya kampuni ilikuja mwezi wa Desemba 1965. Katikati ya mji lilikuwa limejengwa jengo la Pan American, lenye ghorofa 59, na juu ya paa lake kiwanja cha helikopta kilifunguliwa. Msafiri alipanda lifti, akaketi ndani ya helikopta, na baada ya dakika chache alikuwa katika uwanja wa Kennedy akiingia ndege ya kwenda Ulaya. Magazeti ya dunia nzima yalipiga picha. Ilionekana kwamba siku za foleni zimekwisha.

HESABU ISIYOLINGANA

Lakini wakati ule ule, mizizi ya mti huo ilikuwa imekwisha kukatwa. Tangu mwanzo nauli za abiria hazikutosha kulipia mafuta, mafundi, marubani na vipuri. Pengo lilizibwa na Serikali ya Marekani, kwanza kwa malipo ya posta, kisha kwa ruzuku. Ruzuku maana yake ni fedha za kodi ya watu wote zitolewazo kusaidia kazi ambayo haijaweza kujitegemea. Serikali ilikubali kwa kuwa ilitumaini kwamba makampuni hayo, kama mtoto afundishwaye kutembea, baadaye yangesimama yenyewe.

Miaka ilipita na mtoto hakusimama. Wajumbe wa Bunge la Marekani walianza kuuliza: Ni haki gani mkulima aliye mbali na mfanyakazi wa kiwandani walipe kodi ili wasafiri wachache wenye mali waepuke msongamano katika miji mitatu? Mwaka 1965 ruzuku ilikatwa. Kampuni ya Chicago ilisimamisha safari zake za ratiba mwaka huo huo. New York Airways iliokolewa kwa muda na mashirika makubwa ya ndege, Pan American na TWA, ambayo yalitaka abiria wao wafike viwanjani kwa urahisi. Hata hivyo mwaka 1968 safari za juu ya paa lile maarufu zilisimamishwa kwa kukosa faida.

Habari za Chicago zina fundisho lake la peke yake. Kampuni hiyo ilipata wateja wengi kwa kuwapeleka wasafiri kati ya viwanja viwili, Midway na O'Hare. Mwaka 1960 ilichukua abiria zaidi ya laki tatu. Lakini baada ya mashirika ya ndege kuhamisha safari zao toka Midway kwenda O'Hare, msafiri hakuwa tena na haja ya kwenda toka kiwanja kimoja hata kingine. Kazi ilipungua ghafula, ijapokuwa kampuni haikufanya kosa lolote. Biashara iliyojengwa juu ya usumbufu wa watu hufa siku usumbufu ule uondokapo.

Huko Ulaya mambo yalikuwa hivyo hivyo. Serikali zilijenga barabara pana na kutengeneza reli, na mtu akaweza kusafiri toka Brussels kwenda miji ya jirani kwa starehe na kwa bei nafuu. Mwaka 1966 Sabena ilizifunga safari zake za helikopta.

Kampuni moja ilijaribu njia nyingine. Mwaka 1961 San Francisco and Oakland Helicopter Airlines ilianza kuchukua abiria katika ghuba ya San Francisco bila ruzuku ya Serikali. Ilijitahidi kwa bidii, lakini mwaka 1970 ilifilisika. Ilifufuliwa, ikaendelea kwa shida mpaka mwaka 1986, nayo ikakoma.

AJALI

Ukosefu wa fedha pekee usingaliweza kuliua jambo hili kwa haraka. Liliuawa pia na hofu, na hofu hiyo ilikuwa na sababu.

Tarehe 27 Julai, 1960, helikopta ya kampuni ya Chicago ilianguka, na watu wote 13 waliokuwa ndani wakafa. Tarehe 14 Oktoba, 1963, helikopta ya New York Airways ilianguka katika uwanja wa Idlewild, wakafa watu sita. Mwaka 1968 ulikuwa mwaka wa msiba kwa Los Angeles Airways. Tarehe 22 Mei helikopta yake moja ilianguka, wakafa watu wote 23. Kabla ya miezi mitatu kupita, tarehe 14 Agosti, nyingine ilianguka, wakafa watu wote 21. Wachunguzi waliona kwamba katika ajali hii ya pili chuma kilichoshika panga moja kilikuwa na ufa uliotokana na uchovu wa chuma, na panga likang'oka hewani. Kampuni haikupona tena. Ilipofika mwaka 1971 ilikuwa imekwisha.

New York Airways ilijaribu kurudi kileleni. Mwezi wa Februari 1977 ilifungua tena kiwanja cha juu ya jengo la Pan American, mara hii kwa kutumia helikopta za Sikorsky S-61. Jioni ya tarehe 16 Mei, mwaka huo, helikopta moja ilikuwa imetua juu ya paa, na abiria walikuwa wakiingia huku mapanga yakizunguka. Ghafula mguu mmoja wa magurudumu ulivunjika, kwa sababu ya uchovu wa chuma, na helikopta ikalala ubavu. Mapanga yaliwapiga watu wanne wakafa. Kipande cha panga kikaanguka toka urefu wa ghorofa zile zote, kikamwua mwanamke aliyekuwa akipita njiani, asiyekuwa na tikiti wala habari. Kiwanja kile hakikufunguliwa tena. Wahenga wetu walisema kwamba mbio za sakafuni huishia ukingoni, na kwa jambo hili maneno yao yalitimia kama yalivyo.

Msiba wa mwisho ulitokea tarehe 18 Aprili, 1979, huko Newark. Panga la mkiani liliharibika hewani, helikopta ikaanguka, na abiria watatu wakafa. Mwezi uliofuata New York Airways ilikwenda mahakamani kutangaza kwamba imefilisika. Bwana Young na wenzake waliacha usukani.

Haifai msomaji adhani kwamba misiba ya namna hii ni ya nchi za mbali tu. Tarehe 10 Juni, 2012, Waziri George Saitoti na watu wengine watano walikufa helikopta ya Polisi ilipoanguka karibu na Ngong. Tarehe 18 Aprili, 2024, Jenerali Francis Ogolla, Mkuu wa Majeshi ya Kenya, alikufa pamoja na askari wenzake helikopta yao ilipoanguka Elgeyo Marakwet. Si kusema kwamba helikopta ni chombo cha kuogopwa daima. Ni kusema kwamba ni chombo kisichosamehe uzembe, na kinachotaka ukaguzi wa kila siku.

MAHALI ILIPODUMU

Je, hakuna mahali ambapo safari za ratiba za helikopta zilidumu? Papo, na sababu yake ni rahisi kueleweka. Mwaka 1964 huko Uingereza zilianzishwa safari kati ya mji wa Penzance na Visiwa vya Scilly. Kati yao kuna bahari, mara nyingi ina mawimbi makali, na visiwa vyenyewe ni vidogo. Watu wa visiwani hawakuwa na barabara wala reli ya kuchagua. Mwaka 1983 ilitokea ajali baharini, wakafa watu 20, lakini kwa sababu haja ilikuwa ya kweli safari ziliendelea mpaka mwaka 2012. Mwaka 2020 zikaanzishwa tena.

Kwa hiyo twaona kanuni. Helikopta hudumu mahali ambapo haina mshindani: baharini, milimani, mahali palipofurika maji, na palipo na mgonjwa ambaye akingojea gari atakufa. Mahali penye barabara au reli nzuri, hushindwa kwa bei. Hata helikopta zinazoondoka uwanja wa Wilson, Nairobi, hukodiwa kwa kazi za namna hiyo: kuwapeleka watalii mbali, kuokoa walioumia mlimani, kulinda wanyama pori, kufika mahali pasipo na njia. Mwenye kuikodi hulipa gharama yake yote.

HESABU YA MLOLONGO

Sasa turudi kwetu, tufanye hesabu ambayo hata mtoto wa shule aweza kuifanya. Tuchukue watu 1,000 watakao kutoka Mlolongo kwenda Nairobi kwa saa moja, na hao ni wachache sana kuliko wanaosafiri kweli. Tuchukue helikopta yenye viti 25, kubwa kama zile Vertol 107 za New York. Zitahitajika safari 40 kwa saa moja, yaani helikopta moja iondoke kila dakika moja na nusu, na nyingine iwe inashuka. Kila moja ina kelele ya kutosha kumwamsha mtoto katika nyumba za mtaa mzima. Juu yake kuna njia za ndege kubwa zitumiazo uwanja wa Kenyatta, ambazo haziwezi kuingiliwa ovyo. Na watu 1,000 hao hao wangeweza kuchukuliwa na garimoshi moja refu.

Kwa kweli hiyo ndiyo njia iliyofuatwa. Mwaka 2012 kituo cha garimoshi cha Syokimau, karibu na Mlolongo, kilifunguliwa kwa ajili ya watu waendao mjini. Mwaka 2017 reli mpya ya Mombasa ilianza kuchukua abiria, na kituo chake cha Nairobi kiko Syokimau. Mwaka 2022 ilifunguliwa barabara ya juu, Nairobi Expressway, yenye urefu wa kilomita 27 toka Mlolongo hata Westlands. Apitaye juu yake hulipa, na asiyeweza kulipa hubaki chini katika foleni. Watu hubishana kama malipo hayo ni ya haki. Lakini hata mwenye kulalamika hukubali kwamba malipo hayo ni kidogo mno yakilinganishwa na kukodi helikopta.

Ni vema pia kukumbuka kwamba si helikopta peke yake zilizokwisha kuanguka. Sisi wenyewe tulikuwa na shirika letu la ndege la nchi zote za Afrika ya Mashariki, East African Airways, lililoanza mwaka 1946 kwa ndege ndogo, likakua mpaka likawa na ndege kubwa za VC10 zilizokwenda London na Bombay. Makao yake makuu yalikuwa Nairobi. Mwaka 1977 lilikoma. Halikukosa abiria, lilikoma kwa sababu nchi zilizolimiliki zilishindwa kuelewana juu ya fedha na uongozi, na kila moja ikaanzisha shirika lake. Sababu zatofautiana, lakini jambo moja ni lile lile: shirika la usafiri huishi maadamu yupo alipaye gharama zake na aliye tayari kuendelea kulipa. Uzuri wa chombo hautoshi.

MASWALI YA KUULIZA

Siku moja huenda mtu akaja Mlolongo, au Thika, au Mombasa, na picha nzuri za chombo kipya kipaacho wima, akaomba kiwanja, au kibali, au fedha za watu wote. Haifai kumfukuza, kwa kuwa maarifa huendelea, na injini za umeme huenda zikapunguza kelele na baadhi ya vyuma vizungukavyo. Lakini haifai pia kumshangilia kabla ya kumwuliza maswali manne.

La kwanza: Nauli itakuwa kiasi gani, na je, itatosha kulipia gharama zote, au patatakiwa ruzuku? La pili: Kama ni ruzuku, nani atakayeilipa, na nani atakayepanda? La tatu: Nani atakayekagua vyuma kila siku, na je, anaweza kusimamisha safari bila kuogopa kufukuzwa na tajiri wake? La nne: Chombo kikianguka, kitaanguka juu ya nani?

Swali hili la mwisho ndilo kubwa kuliko yote. Mwanamke aliyekufa New York mwaka 1977 hakuwa abiria. Alikuwa mtu wa njiani, akienda zake kwa miguu jioni, kama watu wengi wa Mlolongo watokavyo kazini. Watu wa namna yake ndio wengi katika kila mji, na kila mpango wa usafiri wapaswa kupimwa kwanza kwa faida yao na usalama wao.